Jinsi ya kupiga picha kitu kikaonekana, kisimezwe na vurugu za nyuma yake

Ukienda Kariakoo na simu yako ukampiga picha muuza machungwa, ukija kuiangalia nyumbani utaona kila kitu isipokuwa muuza machungwa. Utaona mabango, nyaya za umeme, mitumba imening'inia, bodaboda imekatiza, kuna jamaa kageuka kakutolea macho, na mzee wa watu na machungwa yake kazama humo katikati haonekani. Lakini pale pale uliposimama macho yako yalimuona yeye tu! Ni kwa sababu macho yanachagua, kamera haichagui, inabeba vyote sawasawa. Kwa hiyo kazi ya kuchagua ni yako na unaifanya kabla hujabonyeza, ukishabonyeza imekula kwako. Haya ninayoandika ni kwa mwenye simu ya kawaida tu, mwenye kamera kubwa nitamgusia mahali mahali.

Anza na nyuma, mtu baadaye

Hii ndio hatua ya kwanza na ndio imebeba karibu nusu ya kazi yote. Kabla hujamwangalia unayempiga, angalia kilichopo nyuma yake. Wengi tunakaza macho kwenye sura, anacheka vizuri, tunabonyeza, halafu baadaye ndio inaonekana nguzo ya umeme imemuota kichwani. Jizoeze kuzungusha macho kwenye kona nne za kioo cha simu kabla kidole hakijagusa kitufe. Unatafuta nini? Kitu kinachong'aa kuliko uso wake, maandishi (binadamu akiona maandishi lazima asome, hata kama ni tangazo la dawa ya panya), na mistari inayomkata kichwani au shingoni, iwe ukingo wa ukuta, waya au mstari wa bahari.

Ukikiona usianze kumwambia mtu wa watu ahame, hama wewe. Ukisogea hatua mbili kulia halafu ukamrudisha kwenye fremu, yeye ni yule yule ila kilichokuwa nyuma yake kimeshakuwa kingine kabisa. Ukichuchumaa kichwa chake kinaenda kukaa kwenye anga, mabango yote yanashuka chini. Ukipanda juu, ngazi, kibaraza, ghorofa ya kwanza ya duka la mtu anayekufahamu, ardhi ndio inakuwa nyuma yake, na lami au mchanga mtupu ni nyuma nzuri sana ambayo haina gharama.

Sasa turudi kwa yule mzee wa machungwa. Kariakoo, na soko lolote lile, kuna kitu kinaitwa mlango wa duka ambalo ndani hawajawasha taa. Huo mlango ni mali. Ukisogea mpaka kichwa chake kikaangukia kwenye lile giza la mlangoni, na yeye mwenyewe yuko nje chini ya turubai au ukingo wa bati, mwanga wa barabarani unamjia usoni vizuri bila jua kumchoma na kule ndani kunakuwa cheusi tii. Hakuna bango, hakuna mitumba, kuna mzee, kisu, na ganda la chungwa linalozunguka bila kukatika. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili simu ipime mwanga pale, kisha teremsha kidogo kile kialama cha jua kinachotokea pembeni ya pale ulipogusa, maana simu ikiona giza jingi inadhani picha nzima ni giza, inaongeza mwanga hadi uso unapauka na giza lako zuri linageuka kijivu.

Angalizo moja hapo. Kama unayempiga ni mweusi wa kung'aa, amevaa nguo nyeusi na nyuma ni giza, vyote vitaungana, utabaki na macho na meno. Mgeuze kidogo mwanga umpate kwa ubavu, utaona mstari wa mwanga unachora shavu, bega, ukingo wa kofia, na huo mstari ndio unaomtenga na giza. Kofia ya kiua, kanzu nyeupe, kanga ya njano, vyote hivyo hapo vinafanya kazi nzuri mno.

Wazee wa studio walishamaliza hili swali zamani. Pale Mji Mkongwe Zanzibar kuna Capital Art Studio iliyoanza mwaka 1930, ya familia ya Oza, na studio za zama zile zilikuwa na pazia. Pazia ndio siri yenyewe, mtu anatolewa kwenye vurugu za mji anawekwa mbele ya kitu kisichosema chochote. Wewe huna pazia ila mji umejaa mapazia: kuta za nyumba zilizopakwa rangi za mitandao ya simu, nyekundu, bluu, njano, mita mbili za rangi moja zinakutosha, ila uyakwepe yale maandishi.

Mwanga, na hapa ndipo watu wengi wanafeli

Huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda wima. Ukiwa Dar, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita na kitu mchana linakaa karibu kabisa na utosi, na miezi mingine halikupi unafuu mkubwa. Matokeo yake mashimo ya macho yanakuwa meusi, pua inaning'iniza kivuli juu ya mdomo, na ardhi inang'aa kuliko mtu. Piga kuanzia jua linapochomoza hadi kama saa mbili asubuhi, na jioni kuanzia saa kumi na nusu. Usichelewe jioni kwa kuwa umesoma mahali kwamba mwanga mzuri unadumu saa nzima baada ya jua kuzama, hiyo ni kwa wenzetu wa Ulaya, hapa jua likishazama nusu saa nyingi giza limeshaingia.

Ukilazimika kupiga mchana, mwingize mtu kivulini, lakini na nyuma yake pawe kivulini vile vile au pawe na giza zaidi. Kosa linaloonekana kila siku ni mtu yuko chini ya mwembe na nyuma yake ni uwanja unaowaka jua, hapo simu inachanganyikiwa, ama yeye anakuwa mweusi ama uwanja unakuwa mweupe pe.

Kanuni ya kukumbuka: simu inapenda kila picha iwe na mwanga wa wastani. Kwa hiyo nyuma ikiwa nyeupe (ukuta wa chokaa, mchanga wa pwani, anga la mawingu) yenyewe inapunguza mwanga na uso unakuwa giza, wewe ongeza. Nyuma ikiwa nyeusi yenyewe inaongeza, wewe punguza. Kwenye simu nyingi ukishikilia kidole palepale kwa sekunde mbili tatu inafunga fokasi na mwanga, ukisogea haibadiliki tena. Ukijua hilo tu umeshawapita wengi.

Na kuna wakati unataka awe mweusi kabisa, makusudi. Ngalawa wakati wa machweo, mvuvi amebeba kasia begani, watoto wanaruka kutoka ukutani Forodhani. Hapo gusa sehemu yenye mwanga angani, siyo mtu, shusha mwanga, mtu anabaki umbo jeusi. Ila umbo likiwa jeusi lazima lisomeke, kwa hiyo subiri mikono iachane na mwili, miguu iachane, mlingoti usipandane na mlingoti wa chombo kingine. Vyombo viwili vikigusana kwenye picha ya namna hiyo unapata dubwana moja lisiloeleweka.

Rangi

Hapa ni rahisi zaidi kuona kuliko kueleza. Nyekundu kwenye kijani inaruka, njano na chungwa kwenye bluu zinaruka. Ndio maana shuka jekundu la Mmasai baada ya masika, majani yakiwa mabichi, linaonekana kutoka mbali kuliko shuka lile lile wakati wa kiangazi ambapo ardhi yenyewe ni ya kahawia na mavumbi mekundu. Ndio maana vile vile kanga ya njano kwenye mlango wa bluu haihitaji ufundi wowote, unabonyeza tu.

Sharti ni moja, rangi yako iwe peke yake. Ndoo nyekundu ina nguvu mpaka pale nyuma inapopita fulana nyekundu, hapo macho yanaanza kuruka ruka kati ya viwili. Subiri fulana ipite. Wakati mwingine kitu kinachotakiwa ni uvumilivu wa nusu dakika tu na watu hawana.

Kipimo kizuri: ibadilishe picha iwe ya rangi nyeusi na nyeupe kwa muda. Nyekundu na kijani mara nyingi zina uzito sawa wa mwanga, ukitoa rangi zinaungana zinakuwa kijivu kimoja. Kama kitu chako kinapotea kikiwa hakina rangi ujue kinategemea rangi peke yake, siyo vibaya, ila usije ukaipeleka picha hiyo kuchapwa kwenye gazeti la nyeusi na nyeupe halafu ukashangaa.

Uwanja mtupu: pwani maji yakitoka

Kuna mahali huhitaji kutafuta nyuma safi, umepewa. Mwambao wa mashariki wa Unguja, Paje, Jambiani, Bwejuu, maji yakikupwa yanakwenda mbali sana, unabaki uwanja mweupe na vidimbwi vinavyoakisi anga, na mtu mmoja akitembea huko anaonekana hata akiwa mdogo kama kidole. Hapa usimkaribie. Muache awe mdogo, muweke pembeni ya fremu akielekea kwenye uwazi, na kila kilichobaki kiwe tupu. Watu wanaogopa kuacha nafasi tupu kwenye picha kana kwamba wanalipia kwa mita, wakati huo utupu ndio unaomuonyesha.

Lakini ujue maji. Yanakupwa mara mbili kwa siku na kila siku muda unasogea mbele, kwa wastani kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndio yanatoka kweli kweli, na kwa pwani yetu yanakuwa yametoka sana kwenye saa nne hivi asubuhi, kwa hiyo unapata uwanja mpana lakini jua limeshakuwa kali. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yanatoka alasiri, mwanga ni mtamu, ila hayaendi mbali. Mimi napendelea siku mbili tatu kabla ya bamvua yenyewe, yanatoka mapema zaidi asubuhi na bado uwanja unakuwepo. Muulize mvuvi yeyote atakwambia kwa kukunja vidole tu.

Na huko utawakuta akina mama wa mwani. Kilimo hiki kilishika kasi kwenye vijiji hivi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, vigingi, kamba, na vipande vya mwani vinafungwa kimoja kimoja kwa vikamba vidogo. Hao wako kazini, hawapo pale kwa ajili ya kamera yako, na wameshapigwa picha na watalii hadi wamechoka. Kwa hiyo kwanza salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Poleni na kazi. Samahani mama, naomba nikupige picha ukiwa unafunga mwani."

"Za kwenda wapi hizo?"

"Nataka niziweke mtandaoni mama, watu waone kazi yenyewe ilivyo."

"Haya, piga. Lakini uso wangu usinitoe."

Hapo wengine wananyong'onyea, kumbe umepewa picha nzuri zaidi. Chuchumaa, simu iwe usawa wa goti, jaza fremu kwa mikono miwili. Vidole vimekunjamana kwa maji ya chumvi, hina imefifia kwenye kucha, mwani wa kahawia unang'aa umelowa, kamba imekaza kati ya vigingi, na nyuma yake ni maji mepesi ya bluu na weupe wa mchanga tu. Uso haumo na hakuna anayeuuliza. Ukimaliza muonyeshe picha, akisema futa, futa mbele yake.

Huo utaratibu wa kuomba ni kwa kila mahali, sio pwani tu. Na kambi za jeshi, vituo vya polisi na mageti ya serikali achana nayo kabisa, hakuna picha ya kukulaza ndani.

Kufifisha nyuma

Kwenye simu ile Potreti (Portrait), yaani hali ya kamera inayofifisha nyuma ya mtu, ni hesabu za programu, siyo lenzi. Sensa ya simu, yaani kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kwa hiyo yenyewe kila kitu inakiona vizuri cha mbele na cha nyuma, halafu programu ndio inakisia mtu anaishia wapi na kupaka ukungu kwingine. Inakosea kwenye nywele za afro, kwenye rasta, kwenye nyuzi za pindo la mtandio, kwenye miwani, kwenye nafasi kati ya mkono na kiuno. Isaidie: mtoe mtu mbali na ukuta, mita tatu nne au zaidi, wewe msogelee, na nyuma pasiwe na majani madogo madogo yanayong'aa kati ya mwanga na kivuli. Na ule ukungu upunguze, ukiuacha mwishoni kabisa mtu anaonekana amekatwa na mkasi.

Kitu bora kuliko Potreti ni kurudi nyuma na kutumia lenzi ya 2x au 3x kama simu yako inayo ya kweli, siyo ile ya programu kukuza picha tu. Ukisimama karibu na lenzi pana, nyuma inaingia nusu ya mji. Ukirudi hatua kadhaa ukazumu, mtu anabaki ukubwa ule ule lakini nyuma inayoingia ni kipande kidogo tu, na kipande kidogo ni rahisi kukipata kisafi. Kwa wenye kamera, lenzi ya 50mm f/1.8 ndio ya bei ya chini kuliko nyingi na inafanya hii kazi kwa ukweli bila kukisia.

Kinachotembea

Bajaji, baiskeli, basi la mwendokasi. Ukitaka kitu kiwe wazi na mji wote uwe mistari, weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) kwenye 1/30 ya sekunde ukitumia Pro, ile hali ya kamera ya kujipangia mwenyewe, simama kiambazani mahali salama, kifuate kwa kuzungusha kiuno na sio mikono, bonyeza ukiwa bado unazunguka na usisimame ghafla. Mchana wa jua kali simu itakataa, picha itaungua, kwa sababu tundu la lenzi ya simu nyingi halibadiliki, hivyo subiri jioni au siku ya mawingu. Nyingi zitaharibika. Ni kawaida.

Njia nyingine ambayo naipenda zaidi ni kutega. Unatafuta nyuma nzuri kwanza, ukuta mtupu, kona yenye mwanga, ngazi, halafu unasimama unasubiri mtu au kitu kiingie. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kuna sehemu jua linapenya kati ya nyumba mbili linaweka kipande cha mwanga chini kama mkeka, kila kitu kingine ni kivuli. Fungia mwanga wa simu kwenye kile kipande, subiri. Atapita mwenye baiskeli, atapita paka, atapita bibi na kikapu chake. Anayekanyaga pale ndio anawaka, wengine wote hawapo.

Kwa mnaouza vitu mtandaoni

Viatu juu ya kitanda chenye shuka la maua, jamani, hapana. Nunua karatasi ya manila, weka mezani karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, upande mmoja uuegeshe ukutani ili ikunje yenyewe pole pole, usiipige mkunjo, hapo hakutakuwa na mstari wa meza na ukuta. Kiatu kikae mbele, mbali na ule mkunjo. Dirisha liwe ubavuni, na upande wa pili simamisha manila nyeupe nyingine irudishe mwanga. Taa ya ndani zima, mchanganyiko wa taa na dirisha unafanya rangi ziwe za ajabu na mteja akipokea mzigo anasema sio ule. Kiatu cheupe kiweke kwenye manila ya bluu au kijivu, cheusi kwenye rangi ya mwanga. Saa, cheni, sufuria, vitu vinavyong'aa, vinaakisi chumba kizima pamoja na wewe na fulana yako, kwa hiyo vizungushie manila nyeupe pande zote.

Baada ya kupiga

Kata kwanza kabla ya kuediti. Kilichopo pembeni na hakina kazi, kata. Halafu kwenye Snapseed, ambayo ni ya bure, kuna kifaa cha kuchagua sehemu: weka nukta kwenye uso ongeza mwanga kidogo, weka nyingine kwenye lile bango linalokera punguza mwanga na rangi. Tia giza kidogo kwenye kona. Kidogo, nasisitiza, kona zikiwa nyeusi sana picha inaonekana imepigwa kupitia bomba.

Kisha irudie kwenye galari uitazame ikiwa ndogo kati ya zile nyingine, ukubwa wa kucha. Kama bado unajua ni nini bila kuifungua, imetoka. Kama unakodoa, rudi ukakate zaidi au urudie kesho asubuhi.

Ukiituma WhatsApp chagua HD au itume kama dokumenti, vinginevyo inabanwa na zile nyuzi za pindo na maganda ya machungwa uliyohangaikia vyote vinakuwa uji.